Nyie mliobaki na OS/2 Warp 4 wakati ArcaOS ipo, ni nini hasa kinawazuia kuhama?

#1 waya_mweusi
Wakuu salaam. Nina kompyuta mbili, moja ya kawaida kama ya kila mtu, nyingine ni Pentium ya megahezi 166 yenye OS/2 Warp 4, ule mfumo wa zamani wa IBM, niliyoiweka 1998 na sijaibadilisha mfumo hadi leo. Hiyo ya pili ndiyo inaendesha mashine yangu ya kukata stika, programu yake ni ya DOS na inaongea na mashine kupitia COM2, poti ya siriali ya pili. Kila nikiigusia kwa watu wanaoijua OS/2 jibu ni moja, hamia ArcaOS, ni OS/2 ile ile ila inasoma vifaa vya leo. Na mimi sihami. Juzi nikakaa nikajiuliza kwa nini sihami, kila sababu niliyojipa nikiipima naona ina tundu. Hela sio, leseni naweza kununua. Uvivu sio, nimeshabadilisha mpaka kapasita za mazabodi ya hii kompyuta kwa mikono yangu. Kwa hiyo nawauliza mliobaki, sababu yenu ni ipi? Na mliohama, kuna kitu mlikikosa kule?

#2 kibodi_nzito
Kwangu ni Workplace Shell, ile Desktop ya OS/2 yenye folda na ikoni. Nikipata kazi mpya natengeneza folda, naiwekea alama ya kuwa eneo la kazi, natia ndani nyaraka na vivuli vya programu ninazohitaji. Nikiifunga folda kila nilichofungua kutoka humo kinafungwa pamoja nayo, kesho nikiifungua vyote vinarudi. Na kivuli sio shotikati ya Windows, ukihamisha faili la asili kwenda folda nyingine kivuli bado kinalijua liko wapi. Nimetumia mifumo mingi tangu hapo na bado sijaona eneo la kazi linalofanya hivi bila kuongezewa kitu juu yake.

#3 mpekuzi
Mkuu kibodi_nzito hiyo ni sababu ya kuipenda OS/2, sio ya kubaki Warp 4. Workplace Shell hiyo hiyo imo ndani ya ArcaOS, na kabla yake ilikuwemo kwenye eComStation, mrithi wa OS/2 aliyeitangulia ArcaOS. Mleta uzi ameuliza kwa nini usihame, sio kwa nini unaipenda.

#4 kibodi_nzito
Imo, ila imevalishwa nguo nyingine. Kuna XWorkplace juu yake, programu ya kuiongezea mambo, menyu zimeongezeka. Mimi mkono wangu unajua kila kitu kilipo gizani.

#5 dogo_wa_seva
Samahani wakubwa, mimi nimezaliwa hii kitu ikiwa imeshaachwa. Nilichosikia ni kwamba IBM waliitoa 1992 kushindana na Windows. Sasa kwa nini msiitie kwenye vachuali mashini, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta nyingine, mkamaliza? Kompyuta yoyote ya leo inaweza kubeba Warp 4 kumi kwa pamoja.

#6 mpekuzi
Mdogo wangu, tuwekane sawa kwenye historia. OS/2 1.0 ilitoka Desemba 1987, na ilitengenezwa na IBM pamoja na Microsoft, hawakuwa wapinzani wakati ule. Hiyo 1.0 haikuwa na madirisha kabisa, ni maandishi matupu, madirisha yalikuja na 1.1 mwaka 1988. Wakaja kuachana, Microsoft akaenda na Windows zake, na ile iliyokuja kuwa Windows NT ilianza ikiwa imepangwa iwe OS/2 ijayo. Ya 1992 unayoisema ni 2.0, ya kwanza ya biti 32, hapo ndipo Workplace Shell ilipozaliwa. Warp 3 ni 1994, Warp 4 ni 1996.

Nasisitiza hili kwa sababu linagusa mada. Ndani ya OS/2 kuna msimbo wa Microsoft mpaka leo, na hiyo ni moja ya sababu IBM hawakukubali kuufungua msimbo wake hata watu walipowaandikia maombi kwa maelfu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuichukua na kuiendeleza kwa uhuru kama Linux. Kila kinachokuja baada ya IBM ni leseni juu ya leseni.

#7 da_Rexx
Dogo swali lako la vachuali mashini ni zuri, wasikutishe. Inawezekana, ila OS/2 ina tabia moja. Prosesa za Intel zina ngazi 4 za ulinzi, 0 mpaka 3, mifumo karibu yote inatumia 0 na 3 tu, OS/2 inatumia na ya 2. Vachuali mashini nyingi za mwanzo zilikuwa hazijajiandaa na ngazi ya 2, ndio maana hata VirtualBox inataka prosesa yenye msaada wa vachuali ndani yake ndipo ikubali kubeba OS/2. Na VirtualBox yenyewe imetengenezwa na innotek, Wajerumani waliokuwa wanafanya kazi za OS/2 kabla hawajanunuliwa na Sun 2008. Kwa hiyo undugu upo.

Ila kwa waya_mweusi vachuali mashini haimsaidii sana. Ana mashine halisi kwenye waya halisi, na muda wa kila baiti kupita pale COM2 ni kitu cha kuangalia.

#8 dogo_wa_seva
Asante dada, hapo kwenye ngazi ya 2 nimejifunza kitu kipya kabisa.

#9 Mzee wa Disketi
Mimi nimebaki kwa sababu moja, imekamilika. Haibadiliki. IBM waliacha kuiuza mwisho wa 2005, msaada ukaisha mwisho wa 2006, tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenihamishia kitufe. Nikiandika maelezo ya jinsi ya kufanya kazi fulani kwenye daftari, maelezo yale yanabaki kweli miaka na miaka. Vijana hamjui raha ya daftari la namna hiyo, nina moja lina maelezo ya draiva ya printa niliyoyaandika nikiwa na nywele nyeusi zote na juzi nimelifuata mstari kwa mstari printa ikafanya kazi.

#10 mpekuzi
Heshima yako mzee, lakini imekamilika au imesimama? Warp 4 ilivyotoka kwenye boksi ina makosa mengi, ndio maana IBM walitoa fixpack, vifurushi vya marekebisho, moja baada ya nyingine. Wewe mwenyewe nina hakika hauendeshi ile ya boksi.

#11 Mzee wa Disketi
Niko fixpack 15. Nilipofika hapo ndipo nikasimama, kwa hiyo kwangu imekamilika hapo.

#12 tundu_la_bisibisi
Wote mnazunguka. Sababu ni vifaa. Mtu aliyebaki na Warp 4 ukienda kuangalia nyuma ya kompyuta yake utakuta kadi ya ISA, aina ya zamani ya kadi za kuchomeka, ambayo ndiyo inalipa mkate. ArcaOS 5.0 iliyotoka 2017 inaanzia Pentium Pro, kwa hiyo hiyo Pentium 166 ya mleta uzi haimo hata kwenye orodha. Kuhama mfumo kwake maana yake ni kuhama kompyuta nzima, na kompyuta mpya haina tundu la ISA. Mambo ya vivuli na madaftari ni mapambo tu, mtu anang'ang'ania kadi yake halafu anatafuta sababu nzuri ya kusema mbele za watu.

#13 da_Rexx
Tundu hapo kwenye mapambo umekuwa mkali bila sababu. Na mleta uzi hajasema ana kadi ya ISA, amesema COM2. Poti ya siriali unaipata kwa kadi ya PCI, aina iliyokuja baada ya ISA, ukitaka.

#14 waya_mweusi
Nashukuruni nyote, naona uzi umechangamka. Tundu, kadi ya ISA ninayo ya sauti tu, hata nikiitoa leo kazi inaendelea. COM2 iko kwenye mazabodi.

Ila mmenikumbusha kitu ambacho sikukisema mwanzo. Nilishajaribu. Sio ArcaOS, nilichukua nakala ya hii diski nikaichomeka kwenye Pentium III niliyokuwa nayo, Warp 4 ikawaka vizuri tu baada ya kuhangaika na draiva ya skrini. Nikafungua programu ya kukata, ikaandika Runtime error 200 ikajifunga. Kila nikifungua ni hivyo hivyo. Nikairudisha diski kwenye ile 166, inafanya kazi. Tangu siku hiyo nikajiambia hii kompyuta haiguswi.

#15 mpekuzi
Kaka! Ungeanza na hilo. Hiyo haina uhusiano wowote na OS/2. Programu yako imeandikwa kwa Turbo Pascal. Ndani yake kuna kipande kinachopima kasi ya prosesa pale programu inapoanza, inahesabu mizunguko halafu inagawa. Prosesa ikiwa na kasi sana jibu la ule mgawanyo linazidi nafasi iliyotengewa, prosesa inalia kama vile umegawa kwa sifuri, na 200 ndiyo namba ya kosa hilo. Ingekufa hivyo hivyo kwenye DOS tupu, ingekufa kwenye Windows 98. Kuna viraka vidogo vinavyorekebisha faili la EXE lenyewe, ni kazi ya dakika moja, chukua nakala kwanza ndio ukibandike.

#16 tundu_la_bisibisi
Umeona sasa? Nilisema vifaa. Nilikosea tundu tu, sio ISA ni prosesa. Hoja yangu imesimama.

#17 kibodi_nzito
Haijasimama tundu, imebebwa na mpekuzi. Kama kiraka cha dakika moja kinaondoa hicho kikwazo basi vifaa havikuwa sababu, kilikuwa ni kisingizio na mleta uzi hakujua kuwa ni kisingizio. Na bado nasubiri kuona kama atahama akishabandika.

#18 Bint_Seva
Habari zenu. Mimi nilihama, kwa hiyo nijibu upande wa pili wa swali ambao naona mmeuruka.

Nilikuwa na Warp 4 kwenye kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za mauzo, REXX nyingi, ile lugha ya skripti ya OS/2, kama skripti 40. Kilichonihamisha ni HPFS, ule mfumo wa kupanga faili kwenye diski. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, ukiwasha lazima CHKDSK, programu ya kukagua diski, ipite diski nzima, na diski yangu ilikuwa imejaa faili ndogo ndogo, nilikuwa naweza kwenda kula nikarudi bado inahesabu. Halafu kachi ya HPFS ya kawaida haizidi megabaiti 2 hata uwe na ram kiasi gani. JFS, mfumo mwingine wa faili, ina jono lake, yaani daftari la mabadiliko, ikizimika ghafla inasoma lile jono na kuendelea, na kachi unaipa unavyotaka. Kule ArcaOS unabuti moja kwa moja kutoka JFS. Skripti zangu zote 40 zilipita bila kugusa hata herufi, na programu za Windows 3.1 bado zinafunguka.

Nilichokikosa? Mwezi wa kwanza nilikosa usingizi maana sikuwa naamini. Kingine hakuna. Ah kuna kimoja, ikoni. Nilihamisha folda zangu kwa kupitia kompyuta nyingine isiyo ya OS/2 katikati, na zile taarifa za ziada zinazoambatana na kila faili, EA, hazikuvuka. Faili zilifika lakini ikoni nilizochora mwenyewe na maelezo niliyoyaandika kwa kila moja vilipotea. Mkihama, fungasheni kwa zip ya OS/2 yenyewe, ile inabeba EA.

#19 Mzee wa Disketi
Pole binti, ikoni za kuchora mwenyewe zinauma. Mimi nilishapoteza Desktop nzima, OS2.INI, faili la mipangilio yake, iliharibika nilipozima kompyuta bila kufuata utaratibu. Kilichoniokoa ni ile Alt na F1 pale kibox cheupe kinapotokea juu kushoto wakati wa kubuti, ukiwahi unapewa orodha ya nakala za nyuma unachagua moja na kila kitu kinarudi. Lakini uwe umeshawasha utunzaji wa nakala kwenye mipangilio ya Desktop, bila hivyo orodha inakuja haina kitu.

#20 dogo_wa_seva
Mzee hebu nisimulie, ni kweli ilikuwa inawekwa kwa disketi tatu?

#21 Mzee wa Disketi
Tatu za kuwashia, halafu ndio CD inashika. Unaweka ya kwanza inasoma, inakuomba ya pili, unasubiri, inakuomba ya tatu. Moja ikiwa na sekta mbovu unaanza upya na disketi nyingine. Ndio asili ya jina langu. Na hiyo Warp 4 ilikuja na VoiceType, unaongea kwenye kipaza sauti na kompyuta inaandika, 1996 hiyo kijana. Nilikaa siku nzima naifundisha sauti yangu. Watoto walikaa mlangoni wananiangalia naongea na televisheni, kwao ile ilikuwa televisheni.

#22 jina_refu_kuliko_herufi_nane
Napita tu. Kuna wanaoisifia OS/2 kuwa haigandi, ila wamesahau foleni ya maus na kibodi. Madirisha yote yanapokelea kwenye foleni moja, programu moja ikisinzia bila kuchukua ujumbe wake basi eneo la kazi zima halikusikii, unabonyeza na hakuna kinachotokea. IBM walikuja kuweka njia ya kupunguza lakini ugonjwa wenyewe uko kwenye muundo.

#23 kibodi_nzito
Ni kweli, ila maliza sentensi. Madirisha hayakusikii lakini chini kazi zinaendelea. Nimeshawahi kukwama hivyo huku disketi inafomatiwa na modemu inashusha faili, nikasubiri, vyote viwili vikaisha salama. Mfumo haukufa, ulikuwa hausikii tu. Ndio maana mabenki waliupakia kwenye mashine za kutolea pesa, na mfumo wa kadi za treni za chini ya ardhi za New York umekaa juu yake miaka na miaka. Mashine za vile hazina mtu wa kubonyeza madirisha saba kwa wakati mmoja.

#24 jina_refu_kuliko_herufi_nane
Sawa, lakini mabenki walishaondoka siku nyingi. Nyie mmebaki.

#25 da_Rexx
Kuna sababu moja nimeisubiri mtu aitaje hajaitaja, ni imani. IBM walituambia Warp ndio kesho, halafu wakaiacha. Ikaja eComStation 2001, watu wakanunua, wakasubiri 2.0 mpaka 2010, ikafika 2.1 halafu kimya. Sasa ArcaOS, na nasema wazi kuwa wale wanafanya kazi, 5.1 ya 2023 inabuti kwenye kompyuta za UEFI na inasoma diski za GPT, yaani mitindo ya kompyuta na diski za leo, kitu ambacho wengi tulidhani hakitatokea. Lakini mtu aliyeachwa mara mbili ukimwambia panda tena gari lile lile lenye dereva mpya, anatazama kwanza. Mimi nimepanda, niko 5.1 na simlaumu aliyebaki kituoni.

#26 mpekuzi
Da_Rexx hapo umegusa ila kuna shimo. Aliyebaki Warp 4 naye ameachwa, tena na IBM wenyewe. Kubaki hakumlindi na chochote. Diski ikifa, draiva ya zamani haioni diski mpya kubwa mpaka utafute DaniS506, draiva ya diski iliyo bora, uiweke badala yake kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya kuwashia. Brauza ya enzi ile haifungui tovuti za leo, usimbaji umeshabadilika. Na kerneli ni ile ile ya IBM pande zote mbili, kule angalau kuna watu wanaoandika draiva.

#27 Mzee wa Disketi
Sasa kama kerneli ni ile ile, mimi nimekosa nini?

#28 mpekuzi
Draiva mzee! Draiva ndio kila kitu. USB, usimamizi wa umeme na vifaa (ACPI), kadi za mtandao za leo.

#29 Mzee wa Disketi
Sina kifaa cha USB. Kompyuta yangu haina mtandao. Nina printa, nina maandishi yangu, nina daftari.

#30 Bint_Seva
Nadhani mzee amejibu na mpekuzi amejibu na wote wako sawa, kila mmoja na kompyuta yake.

#31 mpekuzi
Hapana binti, hatuwezi wote kuwa sawa. Siku ile 166 ya waya_mweusi ikikataa kuwaka, mkataji wa stika anasimama kazi. Hilo halina upande wa pili.

#32 waya_mweusi
Nimerudi. Nimebandika kile kiraka kwenye nakala, nikaichomeka tena ile diski kwenye Pentium III. Runtime error 200 imeondoka, programu imefunguka, nimekaa naiangalia kama dakika tano sikuamini. Mpekuzi ubarikiwe sana, miaka yote hii nilidhani ni OS/2 ndiyo inayokataa.

Lakini mashine ikianza kukata inaruka. Mistari mifupi iko sawa, mikunjo mirefu inakata nusu inasimama halafu inaendelea pembeni kidogo. Kwenye ile 166 haifanyi hivyo. Kwa hiyo kibodi_nzito jibu lako ni kwamba bado sijahama.

#33 da_Rexx
Baiti zinapotea njiani au mashine inasema subiri na programu haisikii. Fungua mipangilio ya ile DOS, weka COM_DIRECT_ACCESS iwe imewashwa, HW_TIMER iwashe pia, IDLE_SENSITIVITY ipandishe mpaka 100. Halafu tuambie draiva yako ya poti ya siriali ni COM.SYS ya IBM au SIO ya Ray Gwinn, kwa sababu tabia zao hazifanani.

#34 tundu_la_bisibisi
Kabla ya yote hayo angalia waya. Nyuzi za RTS na CTS, zile ambazo mashine inazitumia kusema subiri, zimeunganishwa au ni waya wa nyuzi tatu? Kwenye kompyuta ya pole pole nyuzi tatu zinatosha, ile haina kasi ya kuijaza mashine. Kwenye yenye kasi zinaanza kuruka hivyo hivyo unavyosema. Nilisema vifaa toka mwanzo.

#35 kibodi_nzito
Tundu na vifaa vyake.

#36 waya_mweusi
SIO ninayo, toka 1998. Waya niliutengeneza mwenyewe, sikumbuki niliunganisha nyuzi ngapi, itabidi niufungue. Nikiufungua na ile 166 inasimama, na nina kazi ya kukabidhi kesho kutwa. Ngoja niimalize hiyo kwanza kwa ile ya zamani.